Mgeni nchini Ureno: msaada unaanzia ofisi ya kata

Ureno ina watu wapatao milioni 10 na nusu. Mwishoni mwa mwaka 2023, wageni wenye kibali cha kuishi humo walikuwa wamepita milioni 1. Wabrazili ndio wengi zaidi, na wapo pia Waangola, watu wa Cape Verde, Wahindi na Wanepali. Tunaeleza hapa mgeni anapata msaada wapi akishafika, na wapi anaweza kutapeliwa.

Barua ya makazi

Ngazi ya chini kabisa ya serikali nchini Ureno ni kata, na ofisi yake huitwa Junta de Freguesia. Hapo ndipo mgeni hupata barua inayothibitisha anakoishi. Aliyewahi kufuata barua kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa chifu ataelewa haraka. Mwenye mkataba wa pango huonyesha mkataba. Asiye nao, kwa utaratibu wa miaka mingi, huleta wakazi wawili walioandikishwa kupiga kura katika kata hiyo wamshuhudie. Kwa hiyo mgeni asiyejuana na jirani yeyote anaweza kukwama mapema. Baadhi ya kata zimekaza masharti, hivyo ni vizuri kuuliza kwanza.

Namba tatu

Mgeni anahitaji namba tatu. Ya kwanza ni NIF, namba ya mlipakodi, inayohitajika kwa kazi, pango na benki. Ya pili ni NISS, namba ya hifadhi ya jamii, ambayo mwajiri huitumia kumlipia michango. Ya tatu ni namba ya huduma za afya, inayotolewa kwenye kituo cha afya cha umma.

Mtoto wa mgeni ana haki ya shule na matibabu hata kama wazazi hawana kibali. Sheria ya mwaka 2004 iliweka daftari maalumu la watoto hao ili wasikose huduma. Simu ya dharura ni 112.

Ofisi na vituo vya ushauri

Tangu Oktoba 2023 vibali vya ukaazi vinashughulikiwa na wakala wa serikali uitwao AIMA. Ulirithi mlundikano mkubwa wa maombi, na watu wengi wamesubiri kwa muda mrefu. Anayesubiri hupata shida kubadilisha kazi au kusafiri kwenda kuzika kwao, kwa kuhofia kutoruhusiwa kurudi.

Kwa ushauri kuna vituo viitwavyo CLAIM, vingi vikiendeshwa pamoja na halmashauri za miji au vyama vya kijamii. Humo mgeni husaidiwa kujaza fomu na kuelewa barua za serikali bila malipo. Serikali pia hugharimia masomo ya Kireno kwa wageni watu wazima.

Vyama vya wageni wenyewe

Katika mtaa wa Cova da Moura, pembezoni mwa Lisbon, wakazi wengi wana asili ya Cape Verde. Chama chao, Moinho da Juventude, kilianza miaka ya 1980. Kina malezi ya watoto na maktaba, na huwasaidia watu kutafuta kazi na kufuatilia nyaraka. Vyama kama hiki hufaa sana kwa sababu anayekuhudumia amepita njia hiyohiyo na anajua lugha yako.

Mashambani hali ni ngumu zaidi. Huko Odemira, kusini, maelfu ya vibarua kutoka Asia huchuma matunda kwenye mabanda ya plastiki. Mwaka 2021, ugonjwa wa korona ulipoenea, nchi nzima iliona jinsi wengi walivyosongamana kwenye vyumba vichache. Kibarua asiyelipwa anaweza kulalamika kwa ACT, mamlaka ya ukaguzi wa kazi, na kukosa kibali hakumpi mwajiri ruhusa ya kudhulumu mshahara.

Jihadhari na mawakala

Zamani mtu aliweza kuingia Ureno kama mtalii, akapata kazi, kisha akaomba kibali akiwa hukohuko. Njia hiyo ilifungwa Juni 2024. Sasa anayekwenda kufanya kazi anatakiwa kupata viza inayofaa kutoka ubalozi kabla ya kusafiri. Wakala anayekuambia "nenda tu, utajiandikisha ukifika" anakuuzia njia ambayo haipo tena. Wapo pia wanaouza nafasi za miadi ya AIMA au anwani za uongo. Anwani ya uongo inaweza kuharibu ombi lako lote.

Kama una ndugu aliyeko Ureno, muulize kwanza maswali mawili: ana barua ya makazi, na mwajiri anamlipia michango kwenye NISS yake? Likikosekana moja, aanzie ofisi ya kata au kituo cha CLAIM kilicho karibu naye.