Mchango wa Nani, Mafao ya Nani

Kabla ya 2018, kikokotoo kilikuwa kile kimashine cha kujumlishia na kugawanyia ambacho walimu wa hisabati hawataki kukiona kwenye dawati. Mwaka huo mifuko minne ya pensheni nchini Tanzania, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa ikazaliwa PSSSF. Kanuni mpya za kukokotoa mafao zilipotoka, neno lile likaondoka darasani, likaingia bungeni, kwenye daladala na kwenye hotuba za Mei Mosi. Sasa ukitamka kikokotoo mbele ya mtumishi wa umma, mashine haimjii kichwani kabisa. Anawaza nyumba aliyoiacha kwenye lenta.

Na ana haki ya kuiwaza. Chukua mtumishi wa miaka 30 kazini, miezi 360, ambaye mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi milioni 1 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, miezi yake ingegawanywa kwa 540 na kuzidishwa kwa mshahara wa mwaka, ikapatikana pensheni kamili ya milioni 8. Nusu yake ingezidishwa kwa 15.5, akaondoka na mkupuo wa milioni 62, na kila mwezi shilingi 333,000 hivi. Kanuni za 2018 zilitaka kuushusha mkupuo hadi asilimia 25. Wafanyakazi wakapaza sauti, na Desemba ya mwaka huo Rais Magufuli akazisimamisha. Zikaja kanuni za Julai 2022: kigawanyo 580, kizidisho 12.5, mkupuo asilimia 33. Kwa kanuni hizo, mtumishi yuleyule angepata mkupuo wa milioni 30.7, na kila mwezi kama 416,000. Bajeti ya 2024 ikapandisha asilimia ile hadi 40 kwa waliokuwa wakipata nusu, na 35 kwa waliokuwa wakipata robo.

Pensheni ya mwezi imepanda, lakini mkupuo umepungua sana, na mkupuo ndio wenye jina la zamani linalopendwa: kiinua mgongo. Aliyeinama miaka 30 akiandika ubaoni au akizalisha kina mama zahanati anaahidiwa na neno lenyewe kwamba siku moja atanyooka. Wapo waliopanga maisha yao yote kwa ahadi hiyo, kisha hesabu ikabadilishwa wakiwa mlangoni pa kutoka. Naliona jambo hilo kuwa dhuluma, hata kama wataalamu walikuwa na sababu zao.

Hata hivyo, neno kikokotoo limetufungia mjadala ndani ya chumba chenye watu wawili tu, mstaafu na serikali. Itazame ile fomula kwa makini. Ina miezi ya kazi, ina mshahara, ina namba mbili tatu zilizowekwa na kanuni. Kiasi ulichochanga hakimo. Faida iliyopatikana kwa kuwekeza michango yako haimo. PSSSF hupokea asilimia 20 ya mshahara, 5 kutoka kwa mtumishi na 15 kutoka kwa mwajiri. Hata mtumishi wetu angelipwa milioni 1 tangu siku ya kwanza, michango yake yote ingefika milioni 72 kabla ya faida ya uwekezaji. Kwa kanuni ya zamani, milioni 62 zingetoka kwa mkupuo, na zilizobaki zingekwisha ndani ya miaka miwili na nusu ya pensheni. Baada ya hapo analipwa na faida ya uwekezaji, na isipotosha, analipwa na kijana aliyeajiriwa juzi.

Ndiyo maana hupenda kutazama lile badiliko la jina la 1997, ambalo lilipita bila kelele. Tangu 1964 tulikuwa na NPF, mfuko wa akiba: unaweka, unachukua ulichoweka pamoja na riba yake. Ulipogeuka kuwa NSSF, akiba ikaondoka na mahali pake ikakaa hifadhi ya jamii. Akiba ni ya mtu mmoja. Hifadhi inahitaji wengine, na wengi wao ni wadogo kuliko wewe. Lakini vinywani mwetu akiba haikuondoka. Bado tunasema "hela yangu iko mfukoni kwao."

Tuna neno lililo karibu zaidi na ukweli, na limo kwenye hati ya mshahara ya kila mtu: mchango. Kila aliyewahi kushikishwa kadi ya mchango wa harusi anaujua utaratibu wake. Fedha yako haikai ikikusubiri, inapika pilau ya Jumamosi hii. Unachobaki nacho ni jina lako kwenye daftari la kamati, na imani kwamba siku yako nawe watachanga. Daftari likichezewa, wanaoumia ni waliochanga mwisho.

Daftari la PSPF lilianza na ukurasa mzito. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa umma hawakuwa wakikatwa kitu, pensheni yao ilikuwa mzigo wa Hazina. Mfuko ukazaliwa ukiwa umebeba ahadi zao, na kwa miaka mingi ukawalipa kwa michango ya waliowafuata huku ukisubiri serikali irejeshe. Desemba 2021 serikali ikatoa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2, isiyo ya fedha taslimu. Lilikuwa jambo jema, kwa sababu deni lililoandikwa ni bora kuliko deni linalonong'onwa. Ila hatifungani nayo hulipwa na walipa kodi wa kesho.

Kenya ilifika njia panda hiyo Januari 2021. Watumishi walio chini ya miaka 45 walianza kukatwa asilimia 2, kisha 5, kisha 7.5, na wenye miaka 45 na zaidi wakapewa hiari ya kubaki kwenye utaratibu wa zamani wa kutochanga. Kwenye ofisi moja, kijana anachangia uzee wake, na kodi yake inachangia uzee wa jirani yake wa meza.

Kwa anayelipwa tuna maneno tele: mafao, mkupuo, kiinua mgongo, mnufaika, mstaafu. Kwa anayelipa leo ili alipwe miaka 34 ijayo, lililopo ni la watakwimu bima, "uendelevu wa mfuko", ambalo linauhurumia mfuko na kumsahau mtu. Mimi ningependa tuseme haki ya mchangiaji, tuiandike kwenye kanuni kando ya haki ya mstaafu. Na ile taarifa ya michango anayopata mwanachama iongezewe mistari miwili: katika michango ya mwaka huu, kiasi gani kimetumika kulipa mafao ya mwaka huu, na serikali inadaiwa na mfuko kiasi gani. Mwalimu wa miaka 26 aliyeripoti kituoni mwezi uliopita aisome mistari hiyo sasa, angali na sauti ndani ya chama chake cha wafanyakazi.