Mvuko wa Haidrojeni

Wabanguaji wa korosho wa Masasi na Newala hujipaka majivu au mafuta vidoleni kabla ya kushika ganda, kwa sababu ndani ya ganda mna mafuta yanayounguza ngozi. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya anakadi. Yakipashwa moto, asidi hupoteza kabonidioksaidi na kubaki kadanoli, yaani fenoli yenye mkia wa atomi 15 za kaboni. Korosho nyingi za kusini bado huuzwa ghafi na kupelekwa India na Vietnam na maganda yake, kwa hiyo kadanoli nayo huondoka, na mnadani hakuna anayeitaja.

Wanakemia wanaitaja. Egid Mubofu, alipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kuhusu namna ya kugeuza taka za ganda la korosho kuwa kemikali za thamani, na watafiti wa Uskoti na Ujerumani wametumia kadanoli kutengeneza vivutio vya mbung'o. Katika kazi za namna hii, hatua moja hujirudia: mkia wa kadanoli una vifungo maradufu, na vifungo hivyo hujazwa haidrojeni. Kichocheo kinachotumika mara nyingi ni chembe ndogo za paladi zilizotawanywa juu ya unga wa mkaa. Paladi ndiyo metali ghali inayofanya kazi. Mkaa ni kibebeo, na kwa muda mrefu kibebeo kilihesabiwa kuwa sakafu tu ya kuwekea metali.

Mwaka 1964 mtafiti Khoobiar alichapisha jaribio lililotia shaka hesabu hiyo. Trioksidi ya wolframu ni unga wa manjano, na ukiupitishia gesi ya haidrojeni katika joto la kawaida la chumba, haubadiliki. Alipouchanganya na platini iliyobebwa na alumina, unga ukawa wa buluu. Platini ilikuwa imevunja molekuli za haidrojeni, na atomi zake zikaiacha metali, zikapita juu ya alumina na kuingia kwenye oksidi ambayo peke yake isingeweza kuzivunja molekuli hizo. Jambo hilo ndilo linalotafutiwa jina la Kiswahili.

Kwa Kiingereza, wataalamu walichukua picha ya kitu kilichojaa kikamwagika nje ya chombo chake. Neno linalotujia upesi basi ni mfuriko, au mmwagiko. Yote mawili yanapotosha. Maji hufurika mtungi ukishajaa, ilhali atomi hizi hazisubiri metali ijae: huhama pale upande wa pili unapozipokea kwa unafuu wa kutosha wa nishati. Mmwagiko una ubaya wa ziada, kwa kuwa kwetu kilichomwagika kimepotea, na haidrojeni hii imekwenda kufanya kazi. Msambao nao tayari ni istilahi ya kitu kingine, kuenea kwa chembe ndani ya maada moja au kutoka penye nyingi kwenda penye chache, na hausemi lolote kuhusu mpaka.

Mpaka ndio kiini chenyewe, na ndiyo sababu napendekeza mvuko. Neno hili lina ng'ambo mbili na kitu kinachopita kati yake, na linazaa kitenzi kinachotumika bila taabu: haidrojeni huvukia kwenye oksidi.

Tena linaruhusu swali ambalo mfuriko hauliulizi: ng'ambo ile inapokeaje? Mwaka 2017 kundi la Uswisi la Waiz Karim na Jeroen van Bokhoven lilipanga chembe za platini na za oksidi ya chuma katika jozi, kwa umbali uliopimwa kwa nanomita, kisha likatazama ni chembe zipi za chuma zinafikiwa na haidrojeni. Juu ya oksidi ya titani zote zilifikiwa, za karibu na za mbali. Juu ya alumina, mvuko uliishia takribani nanomita 15 kutoka kwenye platini. Tofauti ya kasi kati ya vibebeo hivyo viwili ilikuwa ya mara bilioni kumi. Titani hukubali elektroni ya haidrojeni, na protoni hukaa juu ya oksijeni. Vyote viwili husonga pamoja. Alumina haipokei elektroni hiyo, na atomi husonga kwa shida, zikisaidiwa na maji yaliyoshikamana na uso wake.

Kuhusu mkaa, kibebeo cha paladi ya kadanoli, wataalamu bado wanabishana. Umbali wa mvuko hutegemea sana makundi ya oksijeni yaliyobaki juu ya uso wake, hivyo mkaa wa aina moja na wa aina nyingine si kibebeo kimoja. Anayetaka kubebesha paladi juu ya mkaa wa ganda la korosho lenyewe aanze kwa kupima oksijeni hiyo.

Safari ina upande wake wa pili pia. Haidrojeni ikitoka kwenye kibebeo, ikarudi juu ya metali, atomi mbili zikaungana na kuondoka kama gesi, huo ni mvuko wa kurudi.