Ukuta Bila Simiti
Nilipoacha chuo, watu wa Homa Bay waliniuliza: bila digrii utajenga nini? Nikaweka FEniCS kwa laptopu, programu ya bure inayogawa kitu vipande vidogo na kupiga hesabu ya nguvu kwa kila kipande. Nikajaribu ukuta wa Thimlich Ohinga, Migori. Nikachemsha: niliuchora kama jiwe moja. Kumbe ni mawe mengi yanayobanana bila simiti, tangu karne ya 16 hivi. Kuna mahali unapita mita 4. UNESCO iliutambua 2018.

Hesabu hii ya vipande ilishika kasi miaka ya 1950. Wazee walikuwa wamejenga karne 4 kabla. Digrii naweza kurudia. Lakini usiniambie hatukuwa na mainjinia.