Mwangwi wa Mwaka wa Uhuru

Ndugu zangu, 1961 kwetu ni 9 Desemba, siku Tanganyika ilipopata uhuru. Mwaka huohuo, huko California, kampuni ya Fender ilianza kuuza kisanduku cha kuipa gitaa mwangwi. Mbinu yenyewe ilitoka kwa Laurens Hammond wa Chicago, aliyekwisha kutumia springi kwenye vinanda vyake vya umeme. Mwaka 1963 Fender wakauingiza mwangwi huo ndani ya amplifaya.

Siri yake ni ndogo. Sauti ya gitaa hutikisa springi upande mmoja. Mtikisiko hufika upande wa pili umechelewa kidogo, kisha hugeuzwa tena kuwa umeme.

Amplifaya ya chama chetu, waliyoinunua wazee waanzilishi, ni ya ukoo huo. Mwangwi wake ulipokufa, kikaoni tulikaribia kuitupa. Mimi ni nesi, simtangazi maiti kabla ya kumpima. Nikaipeleka kwa fundi. Alituonya tusiifungue wenyewe: hata ikichomolewa, kapasita zake hubaki na umeme wa kuua. Akapima waya za kuunganishia, zikawa nzima. Akabadilisha valvu, kimya. Akafungua sanduku la springi: waya mwembamba kama unywele ulikuwa umekatika. Akaulehemu.

Leo vijana wetu watapigia gitaa amplifaya hiyohiyo. Wanangu, mkisikia sauti ikirudi kwa mbali, jueni ni springi za wazee wenu. Heri ya Uhuru!