Themostati ya gari la kale

Themostati ni vali inayokaa kwenye njia ya maji, kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi huziba njia hiyo ili maji yazunguke ndani tu. Joto likipanda, nta iliyomo kwenye kikopo chake huyeyuka, hutanuka na kuifungua. Magari mengi ya zamani yalitoka kiwandani na themostati ya mvukuto wa chuma uliojaa kimiminika badala ya nta.

Gari likianza kuchemsha, wenye magari wengi hutafuta themostati ya nyuzi za chini. Kwa injini ya A-Series, iliyoendesha Morris Minor na Mini, zipo za nyuzi 74, 82 na 88 za Selsiasi. Nambari hiyo huonyesha joto la kuanza kufunguka, basi. Ikishafunguka yote, kazi ni ya rejeta, pampu na feni. Rejeta iliyoziba kwa kutu itachemsha hata kwa themostati ya 74, labda kwa kuchelewa kidogo.

Umbo lina uzito kuliko nambari, na hapa ndipo wengi hukosea. Injini ya XK ya Jaguar, iliyozinduliwa London mwaka 1948, ina tundu la pembeni linalorudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta. Katika matoleo ya awali, ikiwemo ya lita 3.8, themostati ya asili ilikuwa na mkono wa bati ulioziba tundu hilo kadiri vali ilivyofunguka. Themostati ya kisasa isiyo na mkono huenea vizuri mahali pake, lakini tundu hubaki wazi na sehemu ya maji ya moto hurudi injini ilhali rejeta iko nzima. Dawa inayopendwa gereji, ya kuing'oa themostati kabisa, huacha tundu lilelile wazi.

Kabla ya kununua mpya, ya zamani hupimwa ndani ya sufuria ya maji yenye kipimajoto. Kwa kawaida hufunguka yote nyuzi 10 hadi 15 juu ya nambari yake. Nairobi, ambako maji huchemka kwa takriban nyuzi 94, themostati ya 88 itaonekana imefunguka nusu tu. Hiyo si mbovu. Ndani ya gari, mfuniko wa rejeta hushikilia shinikizo, na maji hupita nyuzi hizo bila kuchemka.