Kisu cha Ufipa na Tanuri Lililokuwa Bibi Harusi

Leo tuzungumze visu vya zamani. Najua wengine mtasema hayo mambo ya wanaume, lakini someni kwanza, maana humu ndani yumo bibi harusi.

Wengi wanaokusanya visu hutafuta vile vya kukunja, vya mfukoni, kutoka Sheffield, Uingereza. Hutazama chapa karibu na mpini. Kwa mfano vya Joseph Rodgers vina nyota na msalaba. Vizuri, sikatai. Ila nikiwa Sumbawanga jicho langu huenda kwa kisu kisicho na chapa yoyote, kile cha mhunzi wa Kifipa.

Wafipa walikuwa mafundi wakubwa wa chuma. Tanuri lao kubwa, ilungu, lilijengwa kwa udongo likasimama karibu mita 3, refu kuliko mtu. Halikuvukutwa. Chini liliachwa matundu yenye mirija ya udongo, na upepo ukajiingia wenyewe. Walipanga mkaa na mawe ya chuma, moto ukawaka siku kadhaa. Kilichotoka kilikuwa bado kichafu, kwa hiyo kikasafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo hilo lilivukutwa kwa viriba. Ndipo mhunzi akafua jembe, shoka, mkuki au kisu.

Sasa sikilizeni. Ilungu lilihesabiwa kuwa bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa, na chuma ndiye mtoto wake. Mafundi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe, na wanawake hawakuruhusiwa kusogea. Yaani sisi tulifukuzwa, halafu udongo ukavalishwa nafasi yetu! Dawa na matambiko yaliyofanyika pale hatuyachukui, dini yetu iko wazi. Ujuzi je? Huo ni wa kuheshimiwa. Na majembe yaliyotoka humo yalilipwa mahari, kwa hiyo mabibi wengi wa Ufipa waliolewa kwa chuma hicho.

Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala kuhusu uyeyushaji huo, na tayari kazi ilikuwa inazimika. Majembe ya kiwandani kutoka nje yalikuwa rahisi zaidi. Malungu machache bado yamesimama maporini.

Visu ndivyo vinavyonitia uchungu. Mzee akifariki, vyombo vyake huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kisu cha bibi kinaondoka na bati bovu.

Ukikiona, usikisugue kwa msasa ukaondoa alama za nyundo. Kisu cha mkono ubapa wake hauna unene sawa, na mkia wake umechomekwa kwenye mti. Lakini usidanganyike, wahunzi wa baadaye walifua hata springi za gari. Kwa hiyo waulize wazee: cha nani, kijiji gani, kilikata nini? Andika majibu. Kipake mafuta kidogo, usikiache kwenye ala ya ngozi kwani hushika unyevu. Mimi hushona mfuko wa marekani, kamba juu, na karatasi ya jina ndani.

Tena msiwape wageni wavuke navyo mpaka hivihivi. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na vitu vya kale kutoka nje ya nchi vinahitaji kibali.

Bibi harusi mtarajiwa, kabla hujanunua seti ya visu dukani, kamuulize bibi yako kile chake kiko wapi.