Nani Akae Wapi: Meza na Mitungi ya Kitale na Bungoma

Karibu na Klabu ya Kitale kuna duara la mawe ambalo, kwa masimulizi ya wenyeji, ndimo walimofungiwa watumwa usiku, misafara ilipolala njiani ikielekea pwani. Walowezi wa Kizungu, ambao mwanzo wa mji huo huhesabiwa tangu walipoingia mwaka 1908, walipapenda mahali hapo kwa gofu na wiski. Historia ya kula na kunywa nje ya nyumba katika Trans Nzoia, eneo la Kitale magharibi mwa Kenya, inaweza kuanzia hapo bila aibu, kwa kuwa si historia ya mapishi kwanza. Ni historia ya ruhusa: nani akae wapi, anywe nini, saa ngapi, na nani mwenye mamlaka ya kumwambia ainuke.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, kwa njia iliyochepuka kutoka Leseru karibu na Eldoret. Mahindi yakapata behewa, na wakulima wa Kizungu wakapata sababu ya kuja mjini siku ya soko, kuuza, kununua vipuri na kukaa klabuni hadi jua litue. Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa jikoni. Ndiye aliyechoma nyama, akaoka mkate, akamimina kinywaji na kufuta meza, lakini hakuketi. Hata angeketi, sheria ya koloni ilimkataza bia ya chupa na pombe kali za Kizungu. Marufuku ya bia yalilegezwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Pombe kali zikasubiri hadi miaka ya 1950.

Kwa hiyo kinywaji cha watu wengi wa Kitale hakikutoka dukani. Kilitoka kwenye gunia la posho.

Wafanyakazi wa mashamba ya walowezi, wengi wao Wabukusu waliopanda kutoka upande wa Bungoma kutafuta kazi, walilipwa sehemu ya ujira wao kwa unga wa mahindi. Unga huo ulipikwa ugali, na uliobaki ukageuzwa busaa. Kazi yenyewe ni ya wanawake na inataka subira. Unga hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa hadi uchachuke, kisha hukaangwa kwenye karai au bati pana juu ya moto wa kuni mpaka uwe chengachenga za rangi ya kahawia zenye harufu ya mkate ulioungua kidogo. Chenga hizo hutiwa maji pamoja na kimera, yaani wimbi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Baada ya siku mbili tatu kinywaji kinatokota chenyewe bila moto. Hukamuliwa na kuchujwa, au huachwa na machicha yake kwa wanaokunywa kwa mrija.

Mrija una adabu zake. Mwanaanthropolojia Günter Wagner, aliyefanya utafiti kati ya Walogoli na Wabukusu katika miaka ya 1930, aliandika kwa urefu kuhusu pombe na nafasi yake katika maisha ya watu hao. Mtungi huwekwa katikati, wazee huuzunguka, na mirija mirefu ya mmea wa kutambaa huingizwa humo kutoka kila upande. Kiti cha mtu hutegemea umri na ukoo. Mkwe haketi na mama mkwe. Vijana hutumwa kuongeza maji ya moto. Wanawake, ambao ndio waliopika, hukaa kando. Anayedhani kwamba ubaguzi wa viti uliletwa na Klabu ya Kitale atakuwa amesahau mtungi, ingawa tofauti ni kubwa: kijana wa Kibukusu alijua kwamba miaka itamfikisha kwenye mrija, lakini mpishi wa klabu hakuwa na miaka ya kungoja.

Upande wa Bungoma, mwanya mwingine ulifunguliwa na dini. Wamisionari wa Quaker, wanaojiita Marafiki, walifika Kaimosi mwaka 1902 na kazi yao ikaenea kaskazini hadi kwa Wabukusu. Walipinga pombe bila kupepesa macho. Mwongofu aliyeacha mtungi aliacha pia mahali pa kusikia habari, kupatanisha ugomvi na kupanga posa. Alihitaji pengine pa kukaa na wenzake, na kinywaji cha kushika mkononi. Chai ya maziwa, iliyochemshwa pamoja na sukari katika sufuria moja, iliijaza nafasi hiyo vizuri kuliko mahubiri yoyote.

Hoteli ya chai ilikuwa chumba cha bati chenye mabenchi, karibu na stesheni au soko. Reli ya kwenda Uganda ilipita Bungoma, na palipo na stesheni pana watu wenye njaa. Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ilipoikata wilaya mpya ya Elgon Nyanza, mji wa Bungoma uliongezewa makarani, polisi, wenye kesi na jamaa zao. Watu hao hawakuwa na mama wa kuwapikia mchana. Walikula mandazi na chai asubuhi, ugali na nyama ya mchuzi adhuhuri, na walilipa kwa sarafu. Kwa mtu aliyezaliwa kijijini, kulipia ugali lilikuwa jambo la ajabu, karibu na fedheha. Chakula cha mgeni hakikuuzwa.

Kisha kuku akaingia kwenye menyu, na hapo mambo yakaharibika, au yakatengenezeka, kutegemea unamuuliza nani.

Miongoni mwa jamii za Waluhya, Wabukusu wakiwamo, kuku alikuwa nyama ya heshima, na desturi za zamani ziliwakataza wanawake kumla, pamoja na mayai yake. Mwanamke alifuga, akamkimbiza, akamchinjisha, akampika, akamtenga mezani, akaondoka. Firigisi ilikuwa ya mwenye boma au ya mgeni mkubwa aliyetengewa, na visa vya ndoa kutikisika kwa sababu ya firigisi iliyopotea jikoni husimuliwa hadi leo, nusu kwa kicheko. Hoteli haikutangaza vita na desturi hiyo. Ilimkata kuku vipande na kukipa kila kipande bei. Mwalimu wa kike aliyetoka kupokea mshahara benki Bungoma, akaketi na kuagiza robo kuku kwa ugali, hakumvunjia mtu heshima ila kwa maana ya kwamba hakuna aliyekuwa na haki ya kumuuliza. Mila hiyo ilidhoofishwa na mengi: shule, kanisa, mafunzo ya lishe. Lakini meza ya kulipia ilifanya sehemu yake kimyakimya, na waandishi wa historia ya magharibi mwa Kenya hawajaipa haki yake.

Hoteli na baa hizo zilikuwa pia na muziki, na mmoja wa waliosikika sana katika eneo zima alikuwa George Mukabi, mpiga gitaa kutoka Kisa, kusini mwa Bungoma, aliyefariki mwaka 1963. Mtindo wake, omutibo, ulihitaji gitaa moja na chupa ya Fanta. Chupa za zamani zilikuwa na mikunjo ubavuni, na mwenzake mpigaji aliikwaruza mikunjo hiyo kwa kipande cha chuma ili kupata mdundo. Soda ikishanywewa, chupa inakuwa ala. Kwa kijana wa Kiquaker aliyekatazwa pombe na ngoma za usiku, mdundo wa chupa ya soda ulikuwa utetezi mzuri mbele ya baba yake.

Bia nayo ilikuwa imekwisha kubadili mwenyewe. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wa familia ya Hurst kwa ajili ya wateja Wazungu. Mmoja wao, George, aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na kutokana na ajali hiyo bia ikaitwa Tusker. Mwafrika aliporuhusiwa kuinunua, chupa ikawa cheti. Karani aliyeketi barazani na Tusker alikuwa akiwaonyesha wapita njia kwamba hatumii tena mtungi wa kijijini. Wengi waliinywa bila kuipoza, na hadi sasa mhudumu wa baa yoyote ya Kitale au Bungoma huuliza kwanza kama mteja anataka ya baridi au ya moto, maana yake isiyotoka kwenye friji. Kitale, iliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ina jioni zinazolieleza swali hilo bila maneno mengi.

Hakuna wakati ambapo Bungoma ilikunywa kwa fujo kama miaka ya 1976 na 1977. Baridi kali iliunguza kahawa ya Brazil mwezi Julai 1975 na bei ya dunia ikapaa. Ng'ambo ya mpaka, serikali ya Idi Amin iliwalipa wakulima wa Uganda kidogo na kwa kuchelewa. Kahawa ikatafuta njia yake: ilibebwa vichwani, kwa punda na kwa baiskeli kushuka kwenye miteremko ya Mlima Elgon hadi soko la Chepkube, upande wa Kenya. Magendo hayo yalitengeneza matajiri ndani ya wiki. Fedha taslimu za aina hiyo haziendi benki kwanza. Huenda baa, lojing'i na mahali pa nyama choma, na mkaa haukuzimika. Bei ilipoanguka na njia zikabanwa, Chepkube ikarudi kuwa soko la kawaida, lakini mazoea ya kuagiza nyama kwa kilo na kuila pamoja kwenye ubao mmoja yalibaki mjini.

Viwanda vilikuja na mishahara ya mwisho wa mwezi. Pan Paper ya Webuye ilianza kutengeneza karatasi katika miaka ya 1970, na kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianza kusaga miwa mwaka 1978. Baa za Webuye zilihesabu siku kwa kalenda ya Pan Paper, na kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, meza zikabaki tupu kabla hata ya nyumba za wafanyakazi.

Serikali, kwa upande wake, haikuacha kugombana na mtungi. Klabu za busaa zilizokuwa na leseni, urithi wa zile kumbi za pombe za manispaa za enzi ya ukoloni, zilifungwa Daniel arap Moi alipochukua uongozi mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1980 sheria maalumu ikapiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Matokeo yangeweza kutabiriwa na mama yeyote mpishi wa mtaa wa Matisi, Kitale: busaa, ambayo hutaka mtungi mkubwa, moto wa wazi na siku kadhaa, ni vigumu kuificha, lakini chang'aa inaingia kwenye chupa ndogo. Sheria ikakisukuma kinywaji chepesi pembeni na kukipa nguvu kile kikali. Karo za watoto wengi wa Trans Nzoia na Bungoma zililipwa na wanawake waliokimbizana na askari wa chifu usiku, na hilo linafaa kusemwa waziwazi.

Wenye bia waliliona pengo. Mwaka 2004 East African Breweries ilileta Senator Keg, bia ya pipa iliyosamehewa ushuru ili ishindane na pombe za vichochoroni, na watu wakaipa jina la seneta mmoja wa Marekani mwenye asili ya Kenya: Obama. Serikali iliporudisha nusu ya ushuru mwaka 2013 mauzo yalianguka, ikalazimika kulegeza tena. Sheria ya mwaka 2010, inayojulikana kwa jina la mbunge John Mututho, ilihalalisha chang'aa ya kiwandani na kuamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi. Mwaka 2020, baa zilipofungwa kwa ajili ya korona huku mikahawa ikiruhusiwa, baa nyingi nchini ziligundua ghafla kwamba zilikuwa mikahawa tangu zamani. Mwishoni mwa Julai Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku pombe mikahawani pia.

Siku hizi mlo wa kawaida wa Kitale unaonyesha historia hiyo yote kwenye sahani. Kuna mursik kwa mteja wa Kikalenjin, mrenda na saga kwa Mluhya, sambusa iliyoachwa na wenye maduka Wahindi, na chapati iliyokunjwa na mayai, rolex, iliyovuka kutoka Uganda. Ugali ni wa mahindi ya huko huko, kwa kawaida mbegu ya Kenya Seed, kampuni iliyozaliwa Kitale mwaka 1956. Busaa bado inapimwa kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, Kasuku au Kimbo, na mwezi Agosti wa miaka shufwa, Wabukusu wanapotahiri, hakuna chupa inayoweza kushika nafasi yake.

Kitale ina jumba la makumbusho linalotokana na mkusanyiko wa Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya vipepeo, ndege na vitu vya wenyeji. Vibao vya menyu vilivyopakwa rangi kwa mkono, leseni za klabu za busaa na kumbukumbu za wanawake walioipika zinastahili rafu humo. Wapishi na wahudumu walioanza kazi kabla ya uhuru sasa wamepita miaka themanini. Wasimamizi wa jumba hilo, na kaunti zote mbili, wawatume watu wenye vinasa sauti mwaka huu.